Kosa la Jinai na Baraza la Wazee

Liko swali ambalo walimu na wainjilisti wa pwani yetu huulizana wakiwa wawili watatu njiani, wala si mara nyingi lifikapo mezani penye mkutano. Nalo ni hili: Mkristo akitenda jambo ambalo sheria ya nchi huliita jinai, kama vile kuiba, kujeruhi mtu, au kumharibu mtoto, je, yatosha baraza la wazee limtenge na Chakula cha Bwana, limtoze fidia, na shauri liishe hapo? Au sharti apelekwe mbele ya hakimu?

Tena si swali la kanisa peke yake. Mwenye ghala la korosho amkamatapo mchukuzi na gunia la wizi, mwalimu mkuu asikiapo habari mbaya za mwalimu wake, kampuni iambiwapo kwamba msimamizi wake amempiga kibarua, wote husimama penye njia panda hiyo hiyo. Na wote huwaza neno moja: mambo ya nyumbani tuyamalize nyumbani.

Nitaeleza nionavyo mimi, nami sitajifanya msafi, maana nalikuwa mmoja wa wazee katika shauri la namna hii, na mbele kidogo nitalisimulia. Kwanza na tuangalie mambo ya zamani, kwa kuwa mto wetu Ruvuma umekwisha kuyaona haya.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alikubali mkataba uliowapa wafanya biashara wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani kwa miaka 50: forodha, kodi, kuweka maofisa, na kuamua mashauri pia. Mwezi wa Agosti mawakala wa kampuni wakaja kushika miji. Hata Septemba watu wa Mikindani na Lindi walikuwa wamekwisha kuwafukuza, nao wakakimbilia baharini. Huko Kilwa wawili waliuawa. Sababu za vita ile zilikuwa nyingi, wala sisemi ilitokea kwa ajili ya hukumu tu. Lakini neno moja lafaa kuangaliwa. Wale waliokuja kuamua mashauri ndio wale wale waliokuja kutoza ushuru, na faida ya ushuru ilikuwa yao. Mtu wa Mikindani akidhulumiwa na kampuni, angeishitaki kwa nani? Baadaye Serikali ya Ujerumani yenyewe ikaichukua nchi mkononi mwake, kwa kuwa kampuni ilishindwa. Serikali ile nayo haikuwa ya upole. Wazee wetu walikumbuka viboko vya hamsa ishirini hata walipokwisha kuota mvi.

Ng'ambo ya mto mambo yalikuwa marefu zaidi. Mwaka 1891 Serikali ya Ureno iliipa hati kampuni iliyoitwa Companhia do Niassa, na tangu 1894 hata 1929 kampuni ile ndiyo iliyokuwa serikali ya nchi yote iliyo kati ya Ruvuma na mto Lurio, toka bahari hata ziwa Nyasa. Polisi walikuwa wake. Kodi ya nyumba ilikuwa yake. Aliyeshindwa kulipa kodi alitiwa katika kazi ya kulazimishwa, na kwa miaka kadhaa watu walipelekwa migodini Afrika Kusini, nayo kampuni ikapata malipo yake kwa ajili yao. Wenye hisa walikaa Ulaya. Vilio vya Palma na Mueda havikufika masikioni mwao.

Fikiri, msomaji. Aliyemtoza mtu kodi ndiye aliyemshitaki kwa kutolipa, ndiye aliyemhukumu, ndiye aliyemfunga, naye ndiye aliyekula faida ya jasho la mfungwa. Wahenga walikataa kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Hapa nyani alikuwa mshitaki, hakimu na askari wa jela kwa pamoja. Basi watu wakakata rufani kwa miguu. Wamakonde na wengineo wakavuka Ruvuma kuja upande huu, na leo katika vijiji vyetu wako wengi ambao babu zao walivuka hivyo. Serikali ya Waingereza waliyoikuta huku haikuwa baba yao wala mama yao. Lakini walau hakimu wake hakupata senti katika kila kifungo alichokitoa.

Msomaji atasema, Hizo ni kampuni za tamaa, na kanisa si kampuni. Ningependa iwe hivyo. Mwaka 1876 Kanisa la Scotland lilianzisha misheni huko Blantyre, katika nchi iitwayo leo Malawi, kwa kumkumbuka Livingstone, yule yule aliyeshuka Mikindani mwaka 1866 katika safari yake ya mwisho. Watumwa waliotoroka wakaja kukaa penye misheni, na miongoni mwa watu wakatokea wezi na wagomvi, kama ilivyo kila mahali. Serikali haikuwako karibu. Wamisionari wakaona yawapasa kuamua wenyewe. Wakaweka kifungo, wakaweka viboko. Mwaka 1879 mtu mmoja aliyeshitakiwa kuua alipigwa risasi kwa amri yao, na mwingine aliyeshitakiwa wizi alichapwa hata akafa. Mwaka 1880 msafiri mmoja, Andrew Chirnside, akazichapisha habari zile Uingereza. Kanisa likatuma watu wa kuchunguza, na mwaka 1881 mchungaji wa misheni na wenzake wengine wakaondolewa kazini.

Karibu na Mombasa, katika kijiji cha Freretown kilichowekwa mwaka 1875 na chama cha CMS kwa ajili ya watumwa waliookolewa, ilikuwa kadhalika: mwaka 1881 malalamiko ya viboko na kufungwa yakawafikia wakuu wa Kiingereza, na msimamizi wa kijiji hakudumu katika kazi yake. Na hapa kwetu Masasi, ambako Askofu Edward Steere alileta kundi la watu walioachwa huru kutoka Unguja katika mwaka huo huo wa 1876, swali lilikuwa lile lile: hapana liwali, hapana kadhi, basi mwizi tumfanyeje?

Watu hawa hawakuwa wanyang'anyi. Wengi waliacha kwao, wakafa kwa homa, kwa sababu waliuchukia utumwa. Walio Blantyre hawakuchapa kwa tamaa ya fedha. Lakini yule mtu aliyekufa kwa viboko, je, alikuwa na nani wa kumlilia zaidi ya wale wale waliomchapa? Nafikiri hapo ndipo penye shida. Wema wa moyo wa mwamuzi haumsaidii mshitakiwa ikiwa juu ya mwamuzi hapana mwingine.

Sisi Walutheri tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hili. Tarehe 10 Desemba 1520 huko Wittenberg, Luther alitia motoni hati ya papa na pamoja nayo vitabu vya sheria za kanisa, ambavyo kwavyo mahakama za maaskofu zilitawala mambo mengi ya watu. Na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 28, laeleza kwamba mamlaka ya kanisa ni ya Neno na Sakramenti, nayo hutumika pasipo nguvu za kibinadamu. Upanga ni wa serikali, wala mamlaka hizi mbili hazifai kuchanganywa. Twafundisha hivyo darasani, kisha twatoka nje kukaa chini ya mwembe na kuyachanganya.

Tena mchanganyiko huu hauleti ukali tu. Huko Uingereza mwaka 1164 Mfalme Henry II aligombana na Askofu Mkuu Thomas Becket kwa jambo hili hili: padre aliyeua au kuiba alihukumiwa na mahakama ya kanisa, ambayo haikumwaga damu, na mara nyingi adhabu yake kubwa ilikuwa kumvua upadre. Mfalme alitaka mtu wa namna hiyo aadhibiwe kama watu wengine. Becket akakataa, na mwaka 1170 akauawa kanisani kwake. Kosa la wauaji wake halina udhuru. Lakini upendeleo ule wa watu wa kanisa ulidumu kwa namna mbalimbali, hata watu wasio makasisi wakajifunza kujificha ndani yake, mpaka ulipofutwa mwaka 1827. Huko Blantyre nyumba ilimhukumu mgeni wake, ikawa kali. Hapa nyumba ilimhukumu mwana wake, ikawa laini. Nami nasema ukali ule na ulaini huu ni watoto wa mama mmoja.

Sasa nalisimulia langu. Yapata miaka ishirini iliyopita nalikuwa mzee wa kanisa katika mtaa mmoja ulio karibu na mlango wa Ruvuma. Jina la mtaa nalificha kwa ajili ya mtoto. Mwalimu wa kwaya, mtu mwenye sauti nzuri na mwenye kupendwa, alimtia mimba msichana wa darasa la saba, mwenye umri wa miaka 15. Shauri likaja kwetu siku ya Jumamosi. Tulikaa tangu asubuhi hata alasiri. Tuliomba, tukaimba, tukamwita yule mtu, naye akalia. Alilia kweli, wala sidhani kwamba machozi yake yalikuwa ya uongo. Tukaamua hivi: atengwe mwaka mmoja, asiongoze kwaya, tena awalipe jamaa za msichana fedha kwa mafungu mawili, la kwanza sasa na la pili baada ya mavuno ya korosho. Tukaandika katika daftari. Mmoja wetu aliuliza kwa sauti ndogo kama haifai kwenda polisi. Akajibiwa kwamba jina la kanisa litachafuka mbele ya majirani, ambao wengi wao ni Waislamu, nao watatucheka. Aliyemjibu hivyo ni mimi.

Sheria tuliijua. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilikuwa imekwisha kutangazwa, na kila mzee pale alisikia redioni kwamba kosa la namna hii lina kifungo cha miaka 30. Labda ndiyo sababu tulinyamaza. Adhabu ilionekana kubwa kuliko mtu tuliyemjua.

Msichana mwenyewe hakuitwa. Hilo ndilo nilikumbukalo kuliko yote. Tulikaa saa saba tukimzungumza, wala hakuna aliyesema, Na tumsikie.

Shule ikamfukuza, kama ilivyokuwa desturi miaka ile. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ilipowapa wasichana waliojifungua ruhusa ya kurudi katika shule za kawaida, naye wakati huo alikuwa mtu mzima aliyekwisha sahau hesabu za darasani. Fungu la pili la fedha halikuja. Mwaka ulipokwisha yule mtu alirudishwa kundini mbele ya usharika wote, akaimba, watu wakafurahi. Kisha akahamia wilaya nyingine, akaomba barua ya kanisa, nasi tukampa barua njema isiyotaja neno, maana tulisema adhabu yake imekwisha. Huko alikokwenda alifundisha kwaya ya watoto.

Jumapili ile ya kurudishwa kwake, bibi wa msichana alinishika mkono mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Baba, mmempa adhabu, nimeona. Lakini mmempa kwa ajili ya nani?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Bibi, jambo hili tumwachie Mungu." Akasema, "Mungu nimemwachia tangu siku ya kwanza. Sasa nawauliza ninyi."

Imenichukua miaka mingi kumjibu, na jibu langu ni kwamba tulimwadhibu kwa ajili yetu. Aliivunja heshima ya kwaya yetu, nasi tukamtoa katika kwaya. Aliinajisi meza yetu, nasi tukamzuia mezani. Mambo haya mawili yalikuwa haki yetu na wajibu wetu, wala siyajutii. Lakini ubaya aliomtendea mtoto haukuwa mali yetu hata tuugawe kwa mafungu mawili. Na watoto wa ile wilaya nyingine, ambao hawakujua neno, nani aliyetupa ruhusa ya kuwatoa rehani? Kampuni ya Niassa ilichapa kwa kuwa ilipata faida katika kuchapa. Sisi tulisamehe kwa kuwa tulipata faida katika kusamehe. Hakimu wa serikali, hata akiwa mvivu, hana kwaya ya kulinda.

Ndugu wengi watanifungulia Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 6, ambapo Mtume Paulo awakemea waumini waendao kushitakiana mbele ya wasioamini. Nimeusoma mlango ule mara nyingi. Paulo asema na mtu aliyedhulumiwa, amwuliza kwa nini asikubali afadhali kupata hasara mwenyewe. Hasemi na wazee kwamba wakubali hasara kwa niaba ya mtoto wa mtu mwingine. Mimi naweza kuachilia kuku wangu aliyeibiwa. Siwezi kuachilia kuku wako, sembuse binti yako. Tena katika mlango wa 5, penye habari za uovu mkubwa, adhabu aitajayo Paulo ni kumwondoa mtu katika ushirika. Hapana fidia ya kununua kimya. Naye mwenyewe alipopigwa Filipi pasipo kuhukumiwa hakukubali kutolewa kwa siri, na alipoona hapati haki alikata rufani kwa Kaisari, mtu asiyekuwa muumini hata kidogo. Habari hizi zimo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 16 na wa 25.

Pingamizi jingine ni gumu zaidi, wala silifanyii mzaha. Watu husema mahakama ni mbali. Ni kweli. Mtu wa kijiji kilicho karibu na kivuko cha Kilambo, au cha kule Msimbati, akiitwa kutoa ushahidi mjini, hupoteza siku yake ya kazi na nauli yake, kisha huambiwa shauri limeahirishwa, arudi mwezi ujao. Akirudi huambiwa faili haionekani. Wakati mwingine huambiwa, pembeni, kwamba faili yaweza kuonekana ikitafutwa kwa mkono usio mtupu. Nani asiyejua haya?

Ni kwa sababu kama hizi Wasukuma na Wanyamwezi, katika miaka ya 1981 na 1982, walianzisha Sungusungu ili kujilinda na wezi wa ng'ombe na majambazi. Walifanikiwa, na wengi wakawasifu. Lakini wako pia waliopigwa na kufukuzwa vijijini pasipo kusikilizwa, na neno la uchawi likitajwa hapakuwa na wa kumtetea mtu. Mwaka 1989 sheria ikawaingiza katika utaratibu wa mgambo, ikawapa uwezo wa kukamata. Kukamata, wala si kuhukumu. Mimi naona mpaka huo umewekwa mahali pake. Jirani ana macho kuliko polisi, hujua nani ameamka na mali asiyokuwa nayo jana. Basi atumie macho yake, kisha amkabidhi mtu kwa mwingine asiyemchukia wala kumpenda.

Maana tusisahau mshitakiwa. Yule mwalimu wa kwaya alikiri. Je, angalikana? Tungalimwamini au tungalimtenga tu, kwa kuwa uvumi ulikuwa mkubwa? Chini ya mwembe hapakuwa na mtetezi wala kanuni ya ushahidi wala rufani. Wako walimu waliosingiziwa katika nchi hii, na mtu aliyesingiziwa mbele ya baraza lenye haraka ya kulinda jina lake amekwisha kupotea. Katiba yetu, katika ibara ya 13, yamlinda mtu asitendewe kama mwenye kosa kabla ya kuthibitishwa, na ibara ya 107A yaipa Mahakama neno la mwisho katika kutoa haki. Maneno hayo mara nyingine hubaki karatasini, nakubali. Lakini mahakama mbovu yaweza kulalamikiwa kwa mahakama iliyo juu yake. Na Mtwara tunayo Mahakama Kuu. Baraza letu lingelalamikiwa wapi?

Kuhusu umbali, dawa iko, ingawa ni chungu kwa sanduku la usharika. Tangu 2017 iko sheria ya msaada wa kisheria, na wasaidizi wa kisheria wamewekwa ili kuwaongoza wasio na fedha za wakili. Katika vituo vya polisi liko Dawati la Jinsia na Watoto. Wazee wanaweza kumtoa mmoja wao afuatane na mtoto na mama yake, alipe nauli, akae nao siku ya kwanza, na ya pili, na ya tano shauri likiahirishwa. Tulipata fedha za kununua vinanda vya kwaya ile. Nauli ya kwenda Mtwara mara kumi haifiki nusu yake.

Tena sheria haikutuachia hiari kama tulivyodhani. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai yamtaka mtu ajuaye kwamba kosa limetendwa atoe habari kwa wenye mamlaka, na sheria ya mtoto ya mwaka 2009 yamtaka mwana jamii aonaye haki za mtoto zinavunjwa atoe habari kwa serikali ya mahali pale.

Liko neno moja ambalo moyo wangu haujatulia juu yake. Yule bibi alilipokea fungu la kwanza la fedha. Alilipokea kwa sababu mchele ulikuwa umekwisha ndani, na mtoto alikuwa njiani. Mtu akifungwa miaka 30 hawezi kulima korosho, na amri ya matunzo juu ya mfungwa haijazi chungu. Msichana aweza kuulizwa na jamaa wa pande zote mbili kwa nini amemfunga baba wa mtoto wake. Nimewasikia wachungaji wenye huruma wakisema kwamba kwa ajili hiyo afadhali patano la nyumbani. Siwadharau. Najua tu kwamba patano lile la kwetu nalo halikujaza chungu zaidi ya miezi miwili. Basi kanisa likisema shauri liende mahakamani, sharti liseme pia nani atamlisha mtoto, na lianze kumlisha kabla hakimu hajasema neno. Likishindwa hilo, bibi huyo atachukua fedha za mkosaji, nami sitamlaumu.

Je, nasema basi baraza la wazee lifungwe? La. Mwenye kazi aweza kumwondoa mwizi kazini, shule yaweza kumsimamisha mwalimu siku ile ile habari inapofika, na kanisa laweza na lapaswa kumtenga mkosaji na kumwongoza katika toba, hata gerezani. Hayo ni ya nyumba yenyewe. Nyumba humnyima mtu kile ilichompa. Haiwezi kumnyima damu yake wala uhuru wake, wala haiwezi kumnyima aliyeumizwa nafasi ya kusikiwa. Na magomvi madogo, kama vile makofi ya sherehe au matusi kisimani, hayo na tuyapatanishe. Hata sheria yenyewe humruhusu hakimu kuwapatanisha watu katika makosa madogo ya namna hiyo. Wanaokimbilia polisi kwa kila neno hawajui kazi ya ujirani.

Tena ataulizwa mchungaji juu ya maungamo ya siri. Siri ya maungamo ni jambo zito, wala si mimi wa kulifungua. Lakini tusitumie kitambaa cha mchungaji kujifunika sisi wazee. Shauri lile halikuungamwa sikioni mwa mtu. Lililetwa barazani na mama mzazi, mchana, akiwa na barua ya mwalimu wa shule mkononi. Yeye hakutafuta ondoleo la dhambi. Alitafuta msaada.

Mwaka jana nalipelekwa na usharika kulikagua daftari la mtaa ule, kwa kuwa kurasa zake zimeliwa na mchwa na vijana wataka kuliandika upya. Nikaukuta ukurasa wetu. Jina la mwalimu wa kwaya liko, tarehe ya kutengwa iko, na tarehe ya kurudi kundini imeandikwa kwa wino mwekundu. Fedha za fungu la kwanza zimeandikwa. Majina ya wazee sita yako, na langu ni la tatu. Jina la msichana nililitafuta mistari yote, mbele na nyuma, wala halimo. Kijana mwandishi akaniuliza kama aunakili ukurasa ule jinsi ulivyo. Nikamwambia aunakili jinsi ulivyo, lakini aache nafasi chini yake, nami niende kwanza nikamwulize mwenyewe kama ataka jina lake liandikwe.